Saa Ikae Pale Sauti Inapozaliwa

Kanuni, ala ya nyuzi nyingi, ndiyo iliyonizindua. Usiku mmoja, nyumbani kwangu Tanga, nilikuwa nasikiliza rekodi ya taarab asilia iliyopigwa kwa vyombo vichache: udi, fidla, dumbaki na kanuni. Mpiga kanuni aliachiwa uwanja peke yake kwa karibu dakika nzima, na kila alipofika kwenye nyuzi za juu kabisa nilisikia kitu kama vumbi jepesi likiifuata kila noti, ukakasi mdogo usiotokana na nyuzi wala na mkono wa mpigaji. Rekodi hiyo hiyo nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi kwa simu na hedifoni za kawaida, na vumbi lile halikuwemo. Vyombo vyangu vya nyumbani, nilivyovikusanya kwa miaka mingi na kwa fedha ambayo haikupatikana kirahisi, vilikuwa vinaongeza kitu ambacho simu haikuongeza, na jambo hilo liliniuma.

Mpangilio wenyewe ulikuwa hivi. Faili za muziki zilikaa kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja. Kutoka hapo ishara ya dijitali ilipita kwenye kebo ya mwanga hadi kwenye bodi ya kigeuzi, yaani kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti, ambacho wapenzi wengi wa muziki hukiita DAC. Kisha amplifaya, kisha spika mbili. Bodi ya kigeuzi niliinunua mtandaoni kwa bei ndogo, bila kasha na bila maelezo, nikawa nailisha umeme kwa chaja ya simu. Nilibadilisha kila kitu ambacho mtu hukishuku kwanza: waya za spika, mahali pa spika, hata nakala ya rekodi yenyewe. Vumbi halikuondoka. Ilinichukua miezi kadhaa kutambua kwamba namba zilikuwa zinafika zote, tena zinafika sahihi, na kwamba kilichoharibika ni wakati ambao kila namba ilitamkwa.

Sauti ya dijitali ni orodha ndefu ya vipimo. Tangu diski ya CD, iliyobuniwa na Philips pamoja na Sony, ilipoingia sokoni nchini Japani mwezi Oktoba 1982, kiwango kilichozoeleka kimekuwa sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stirio, kila sampuli ikiandikwa kwa biti 16. Orodha hiyo haisemi kila sampuli isomwe lini. Inachukuliwa tu kwamba zitafuatana kwa nafasi zilizo sawa, takriban mikrosekunde 22.7 kati ya moja na inayofuata. Anayezilinda nafasi hizo ni saa, ambayo kwa kawaida ni fuwele ya kwatzi inayotetemeka mamilioni ya mara kwa sekunde. Mpigo wa saa ukiwahi au ukichelewa, kigeuzi hutoa kimo sahihi cha wimbi mahali pasipo pake, na masikioni hilo ni sawa na kutoa kimo cha uongo. Mafundi huuita ugonjwa huu jita. Mimi nitauita mtikisiko wa mapigo, kwa sababu jina hilo linaonyesha kinachotokea.

Nilipokwenda kumweleza mjomba wangu, ambaye alitengeneza redio na kaseti Ngamiani kwa zaidi ya miaka thelathini, alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mjomba," akaniambia, akiniita kama ninavyomwita yeye, "hiyo si kaseti inayoyumba? Mpira wa deki ukilegea, mwimbaji analewa."

"Ndiyo, mjomba, ila huku kuyumba kunatokea kwa kasi kubwa mno na kwa kiasi kidogo mno."

"Kama ni kidogo mno, unakisikiaje?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali yote niliyojiuliza mwenyewe, na sehemu kubwa ya makala haya ni jibu lake. Chukua deki nzuri ya kaseti ambayo mwendo wake unayumba kwa asilimia 0.1, mara nne kwa sekunde. Ukikokotoa, utaona kwamba noti inasogezwa mbele na nyuma kwa takriban mikrosekunde 40. Mtikisiko wa mapigo katika vifaa vya dijitali hupimwa kwa nanosekunde, ambayo ni sehemu ya elfu ya mikrosekunde, na katika vifaa vizuri hupimwa kwa pikosekunde, ambayo ni sehemu ya elfu ya nanosekunde. Ina maana kaseti tulizozipenda zilikuwa zinayumba maelfu ya mara zaidi ya kifaa kibovu cha dijitali, na bado tulizicheza arusini na tukalia machozi. Sikio husamehe kuyumba kwa taratibu. Hukuchukulia kama mtetemo wa sauti ya mwimbaji. Mtikisiko wa haraka una tabia nyingine. Unapotikisa toni moja kwa mapigo ya maelfu kwa sekunde, unazaa toni mpya pembeni yake, moja chini na moja juu, ambazo hazina uhusiano wowote wa kimuziki na noti iliyopigwa. Toni hizo zikiwa mbali na noti mama, noti mama haiwezi kuzifunika.

Ukubwa wa toni hizo hukokotolewa kwa hesabu fupi. Mtikisiko wenye kilele cha nanosekunde 1 ukiikuta toni ya hezi 11,025, yaani mitetemo 11,025 kwa sekunde, huzaa toni mbili za pembeni zilizo hafifu kuliko toni yenyewe kwa desibeli 89 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mtikisiko wa nanosekunde 10 huzipandisha hadi desibeli 69 chini. Jambo la kushika hapa ni kwamba madhara hukua kadiri sauti inavyokuwa nyembamba: mtikisiko ule ule ukiikuta toni yenye masafa madogo mara kumi, toni za pembeni hushuka kwa desibeli 20. Ndiyo maana ngoma na sauti ya mwanamume hazikunishtua, na kanuni, yenye nyuzi nyingi zinazong'ara juu kabisa, ilinishtua. Ukitaka kosa lisizidi nusu ya hatua ndogo kabisa ya biti 16 wakati toni ya hezi 20,000 inapigwa kwa nguvu zote, mtikisiko haupaswi kuzidi pikosekunde 121. Namba hiyo imetumika sana kuwatisha wanunuzi, ingawa hakuna muziki wenye hezi 20,000 kwa nguvu zote.

Sasa, mtikisiko unatoka wapi? Katika mpangilio wangu wa kwanza ulitoka kwenye njia yenyewe. Sony na Philips waliunda njia ya kuunganisha vifaa vya dijitali vya nyumbani inayoitwa S/PDIF, na mwaka 1983 Toshiba ikaleta kebo ya mwanga ya Toslink. Njia hii ina uzuri wake: waya mmoja au uzi mmoja wa plastiki unabeba kila kitu, namba pamoja na saa. Hapo hapo pana udhaifu wake. Kifaa kinachopokea hakina saa ya muziki. Kinalazimika kuyakisia mapigo kutokana na kingo za ishara inayoingia, yaani pale inaporuka juu au chini, na kingo hizo zikiwa zimelegea au zimechafuka, makisio nayo yanatikisika. Biti 64 hutumwa kwa kila jozi ya sampuli, hivyo kwa muziki wa CD njia inapitisha biti milioni 2.8224 kwa sekunde. Uzi wa plastiki hauna upana wa masafa wa kutosha kuzifanya kingo ziwe kali, kwa hiyo ukingo wa biti moja huchelewa au huwahi kidogo kulingana na biti zilizotangulia. Muziki wenyewe unaitikisa saa inayousoma. Mwaka 1992 Chris Dunn na Malcolm Hawksford waliwasilisha uchambuzi wa jambo hili mbele ya wahandisi wa sauti, wakiuliza waziwazi kama njia hiyo ina kasoro ya kimaumbile.

Mtu mwingine mwenye jina kama hilo, Julian Dunn, ndiye aliyetupa kipimo ambacho mimi binafsi namshukuru nacho kila ninapokitumia. Kipimo chake huitwa J-Test. Kina toni moja yenye masafa ya robo ya kasi ya sampuli, yaani hezi 11,025 kwa muziki wa CD, na juu yake kuna biti ndogo kabisa inayowaka na kuzimika takriban mara 230 kwa sekunde. Ujanja wake umo katika namna kompyuta inavyoandika namba hasi: sifuri ni biti zote sifuri, na hasi moja ni biti zote moja. Kwa hiyo badiliko dogo kuliko yote katika sauti linapindua biti zote kwenye waya kwa pamoja, na njia yenye udhaifu nilioueleza hujisaliti papo hapo kwa kuotesha toni za pembeni zilizoachana kwa hezi 230.

Nilipata kadi ya kurekodia sauti iliyotumika, nikaiunganisha na kigeuzi changu, nikacheza faili la J-Test na kuitazama picha ya masafa kwenye programu ya bure. Katikati palisimama toni ya 11,025 kama mnazi. Zile za hezi 230 zilikuwepo, ndogo, zikizidi kidogo tu kelele za chini. Lakini karibu hezi 3,400 kila upande wa mnazi palikuwa na miti miwili mirefu ambayo sikuitegemea kabisa, desibeli 58 tu chini ya toni. Hesabu ilinipa mtikisiko wenye kilele cha karibu nanosekunde 36.

Kabla ya kushangilia nilijiuliza kama kweli ule ulikuwa mtikisiko wa mapigo, kwa kuwa kelele za umeme zinazobadili ukubwa wa sauti nazo huzaa toni mbili za pembeni zinazofanana na hizo. Njia ya kutofautisha ni ile sheria ya desibeli 20. Nilicheza toni ya hezi 1,102.5 kwa nguvu ile ile. Toni za pembeni zilizotokana na ukubwa zingebaki palepale. Za kwangu zilishuka kwa desibeli 20 na kidogo. Kosa lilikuwa la wakati. Kisha nikaondoa chaja ya simu na kuweka betri yenye regulata, yaani kifaa cha kutuliza umeme. Miti miwili ikaanguka na kubaki vichaka. Chaja nyingi za simu, zikipewa mzigo mdogo, huacha kufanya kazi mfululizo na badala yake husukuma umeme kwa vipindi vifupi vifupi, na vipindi hivyo huweza kuangukia kwenye masafa ya maelfu ya hezi. Umeme huo uliokuwa unapandishwa na kushushwa mara 3,400 kwa sekunde ulikuwa unaisukuma chipu ya kupokea iwahi na ichelewe.

Ningeweza kuishia hapo, na pengine msomaji mwenye tatizo kama langu aanze na kuishia hapo: umeme safi kwa kigeuzi ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Hata hivyo, nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba nimeuponya ujumbe bila kumponya mjumbe. Saa ilikuwa bado inasafiri. Ilizaliwa ndani ya kompyuta, ikabanwa ndani ya mwanga pamoja na muziki, ikapita kwenye plastiki, ikakisiwa upande wa pili. Kila hatua ilikuwa nafasi ya kuchafuka. Swali la maana ni lile ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzoni: ni mahali gani hasa ambapo wakati una thamani? Ni mahali pamoja tu, kwenye pini ya kigeuzi ambapo namba inageuka kuwa umeme wa sauti. Kabla ya hapo, namba zinaweza kufika mapema, kwa kuchelewa, kwa mafungu, kwa kusimama na kukimbia, mradi zifike sahihi na zisubiri zamu yao.

Huku kwetu jambo hili halihitaji mhandisi kulieleza. Maji ya bomba yanakuja yanapotaka. Pengine usiku wa manane, pengine kwa nguvu, pengine kwa kutiririka kama uzi. Mwenye tangi juu ya paa hajali. Maji yanaingia kwa fujo na kutoka bafuni kwa utulivu, na ndani ya tangi kuna boya linaloshuka maji yanapopungua ili kufungua njia, na kupanda ili kuifunga. Kigeuzi cha kisasa cha USB kinachotumia mtindo wa asinkronia hufanya hivyo hivyo. Kina saa yake, kina kitangi chake cha kumbukumbu, na kina boya: kinaiambia kompyuta ilete sampuli nyingi zaidi au chache zaidi. Kwa muziki wa CD kwenye USB ya kasi ya kawaida, fungu hutumwa kila milisekunde, na kwa kuwa sampuli 44.1 haziwezi kutumwa kwa milisekunde moja, kompyuta hutuma 44 mara tisa na 45 mara ya kumi, kisha hurekebisha kidogo kila boya linapodai. Katika mtindo wa zamani kigeuzi kililazimika kuifuata kompyuta, na mafungu hayo ya kila milisekunde yaliweza kuacha alama ya hezi 1,000 kwenye sauti. Katika mtindo mpya kompyuta ndiyo inayokifuata kigeuzi. Ubwana umehama, na nadhani hili ndilo badiliko la maana kuliko mengine yote katika sauti ya nyumbani kwa miaka 20 iliyopita.

Kwa kompyuta ndogo za bodi moja, ambazo wengi wetu tunazitumia kwa sababu bei yake inavumilika, kuna njia ya karibu zaidi: bodi ya kigeuzi inayokaa moja kwa moja juu ya pini za kompyuta. Hapa pana mtego ambao sharti niueleze, maana niliuangukia. Chukua mfano wa Raspberry Pi 3, ambayo namba zake zinajulikana. Ili kucheza muziki wa CD inatakiwa kutoa mapigo milioni 2.8224 kwa sekunde, na inayapata kwa kugawanya saa ya ndani ya megahezi 500. Gawanya, utapata 177.15 na zaidi. Saketi haiwezi kuhesabu sehemu ya mpigo, kwa hiyo inagawanya kwa 177 mara nyingi na kwa namba iliyo karibu mara chache, ili wastani utoke sawa. Wastani kweli unatoka sawa; lakini kila inapobadili namba, ukingo unaruka kwa mpigo mzima wa ile saa ya ndani, yaani nanosekunde 2. Kompyuta hiyo haikuundwa kuwa saa ya muziki, na kuidai kazi hiyo ni kumtwisha mbeba maji mzigo wa mfua dhahabu. Chipu nyingi za vigeuzi zina saketi ya kulainisha mapigo hayo, na zinasaidia, ila hazimalizi.

Dawa ni kutafuta bodi ambayo ina fuwele zake yenyewe na inaiamuru kompyuta. Nasema fuwele kwa wingi kwa sababu zinahitajika mbili: ya megahezi 22.5792 kwa muziki wa CD na jamaa zake, na ya megahezi 24.576 kwa familia ya kilohezi 48, 96 na 192. Ya kwanza ni mara 512 kamili ya 44,100, na ya pili ni mara 512 kamili ya 48,000, kwa hiyo hakuna sehemu wala kuruka. HiFiBerry waliuza bodi ya namna hii, DAC+ Pro, na wapo wengine. Unaponunua, tazama picha ya bodi: ukiziona kopo mbili ndogo za chuma karibu na chipu ya kigeuzi, na maelezo yakasema bodi ndiyo bwana wa saa, umepata unachokitafuta. Mimi nilipata yangu kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vyake. Niliipa fuwele regulata yake peke yake, na kapasita ya nanofaradi 100 nikailehemu karibu kabisa na mguu wake, kwa sababu umeme unaoilisha fuwele ni sehemu ya saa kama fuwele yenyewe.

J-Test ilipochezwa tena, mnazi ulisimama kwenye uwanda mtupu. Hakuna kilichojitokeza juu ya desibeli 110 chini ya toni, na hapo kadi yangu ya kurekodia ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Nilijua pia kwamba macho yaliyoona picha hiyo hayawezi tena kuaminiwa kusikiliza. Kwa hiyo niliunganisha mpangilio wa zamani, pamoja na chaja yake, na ule mpya kwenye swichi moja, nikalinganisha nguvu zake kwa mita kwenye miguu ya spika nikitumia toni ya hezi 100, hadi tofauti ikawa chini ya asilimia 1, ambayo ni takriban desibeli 0.1. Hatua hii hurukwa na wengi, na kuiruka ni kuharibu kila kinachofuata, kwa kuwa sikio hukisifia chochote kilichopanda sauti kidogo. Mdogo wangu alikaa nyuma ya pazia na shilingi mkononi. Aliirusha kila mara, akachagua kwa jinsi ilivyoanguka na kuandika. Majaribio yalikuwa 16. Mtu anayebahatisha atapata 12 au zaidi mara chache sana, chini ya mara 4 katika 100, kwa hiyo 12 ndiyo niliyoiweka kuwa mpaka.

Kwa toni tupu ya 11,025 nilipata 16 zote. Chini ya toni palisikika mluzi mwembamba ambao mara ukishausikia huwezi kuusahau. Kwa kanuni ikipigwa peke yake nilipata 12, kwa kukaza masikio hadi kichwa kikauma. Kwa wimbo mzima, vyombo vyote na waimbaji, nilipata 9, ambayo ni kubahatisha. Kisha niliondoa chaja, nikaupa mpangilio wa zamani umeme wa betri na kurudia. Kanuni peke yake: 8. Kwa masikio yangu, baada ya kurekebisha umeme tu, mwanga na plastiki na makisio yote yale havikusikika.

Matokeo haya hayakunishangaza sana niliposoma waliofanya kazi hii kwa umakini zaidi. Mwaka 1998 Eric Benjamin na Benjamin Gannon wa Dolby walionyesha kwamba hata kwa toni tupu nyembamba sana, mtikisiko ulihitaji kufikia karibu nanosekunde 10 ndipo usikike, na kwa muziki ulihitaji kuwa mkubwa zaidi. Mwaka 2005 Kaoru Ashihara na wenzake nchini Japani walitumia mtikisiko wa nasibu kwenye muziki, na wasikilizaji wazoefu walihitaji mamia ya nanosekunde. Mtikisiko wa nasibu husikika kwa shida kuliko ule wenye mdundo mmoja kama wangu, kwa sababu madhara yake hutawanyika kama kelele ya chini badala ya kujikusanya kuwa mluzi.

Kwa nini basi sikuirudisha bodi mpya na kubaki na betri? Kwa sababu mtikisiko wa mapigo hautangazi siku ya kurudi. Saa inayosafiri inategemea chaja ya leo, kebo ya leo, jirani anayechomelea geti leo. Saa inayokaa kwenye kigeuzi haitegemei vitu hivyo. Gharama yake kwangu ilikuwa ndogo, chini ya bei ya kebo moja ya yale maduka yanayouza kebo kama mikufu. Na kuhusu kebo, kwa anayetumia S/PDIF ya waya: njia hiyo imeundwa kwa ukinzani wa omu 75, sawa na ule wa waya wa njano wa video uliokuja na deki yako ya zamani. Uchukue huo. Unafanya kazi hiyo vizuri.

Saa za atomiki ndizo zinazonisikitisha zaidi, kwa kuwa wanaozinunua ni watu wanaoupenda muziki kwa dhati. Saa ya rubidi haipotezi wakati kwa miezi na miaka, na hilo ni jambo kubwa kwa mitambo ya simu na satelaiti. Muziki hauhitaji hilo. Fuwele ya kawaida ikiwa nje kwa sehemu 50 katika milioni, wimbo wako unapanda kwa chini ya sehemu ya kumi ya senti, na senti ni sehemu ya mia ya nusu toni. Hakuna sikio la kuligundua. Kinachohitajika ni mpigo mmoja ufanane na uliotangulia na utakaofuata. Tena saa hizo hutoa megahezi 10, ambazo inabidi zigeuzwe kuwa 22.5792 kwa saketi nyingine ndani ya kifaa, na kisha kusafiri kwa kebo hadi kwenye kigeuzi. Ni kuirudisha saa safarini, kwa fedha nyingi.

Hali kadhalika wanaouza kebo za mtandao na diski za kuhifadhia kwa ajili ya sauti. Faili likishaingia kwenye kumbukumbu, wakati wake bado haujazaliwa. Liko kwenye tangi.

Na kuna mtikisiko usiotibika: ule uliotokea siku ya kurekodi, wakati saa ya studio ilipokuwa inakata wimbi kuwa sampuli. Huo umeandikwa ndani ya namba. Nikisikiliza nakala za santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, nafahamu kwamba santuri yenyewe haikuzunguka kwa mwendo mmoja, na kwamba aliyeihamisha kwenye dijitali huenda alikosea mwendo wake kwa nusu toni. Saa yangu nzuri inayasoma makosa hayo yote kwa uaminifu kamili, na sauti ya Siti inapita juu yake.

Mwezi uliopita mjomba alikuja kusikiliza. Aliketi, akafumba macho, kanuni ikapigwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikumwambia chochote kuhusu fuwele. Ulipoingia udi alifumbua macho, akauliza kwa nini noti moja ya chini inavimba kuliko nyingine zote, akainuka na kwenda kupiga makofi kwenye kona ya chumba, nyuma ya spika ya kushoto. Tulizivuta spika zote mbili sentimita 40 kutoka ukutani, akarudi kitini, akaomba udi urudiwe.